Mwiku na Mkate wa Chumvi

Mkate wenyewe unaitwa pandesal. Niliambiwa maana yake ni mkate wa chumvi. Uongo mtupu. Ule mkate ni mtamu. Siku ya kwanza niliuma nikingoja chumvi, nikakutana na sukari. Nilipouliza chumvi iko wapi, mwenye bekari akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Bekari ilikuwa Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, Uswidi, eneo la viwanda, nyuma ya karakana ya matairi. Mbele kulikuwa na chumba cha kuuzia chenye meza mbili, kengele ya mlangoni, na sanamu ya Mtoto Yesu aliyevishwa joho jekundu na taji. Nyuma ndiko tulikokuwa sisi. Mwenye bekari, mama wa Kifilipino wa miaka sitini na kitu, mfupi, mikono kama ya fundi seremala, alisimama mezani kwenye unga. Kando yake alisimama dada mmoja wa Kirundi, jirani yangu wa ngazi moja, aliyenitafutia hiyo kazi. Mimi nilikuwa kwenye sinki. Masinia meusi, marefu kama milango, na mafuta yaliyogandia pembeni. Nilikwangua, nilisugua, nilisuuza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne, binti wa miaka minne, na mwanamume aliyenileta Stockholm kisha akahamia Rissne kwa mwanamke mwingine. Hiyo ndiyo jumla yangu. Hasira nilikuja nazo mwenyewe kutoka nyumbani, lakini pale zilipata chakula.

Sitawaficha, mikate yao ilinichukiza. Kulikuwa na mmoja uliosokotwa kama konokono, ukapakwa siagi, ukanyunyiziwa sukari, halafu juu ya sukari wakakwangulia jibini. Jibini juu ya sukari! Watu walitoka Hagsätra na mbali zaidi, wakabadilisha treni kwenye theluji, kuja kuula huo. Mwingine walijaza nazi na sukari guru ndani, na huo nilikubali, maana nazi ni nazi. Lakini mfalme wa pale alikuwa pandesal. Unga ulikandwa kwa mashine, ukasukumwa kuwa gogo refu kama mkono wa mtu, ukafunikwa kwa kitambaa ulale. Ukiumuka, gogo lile walilibiringisha kwenye chenga za mkate mkavu mpaka likavaa vumbi mwili mzima, wakalikata vipande kwa bamba la chuma, tak tak tak, wakavipanga kwenye sinia. Bila zile chenga, mwenye bekari alisema, huo si pandesal, ni mkate tu kama wa Waswidi.

Sasa nisikilizeni hizo chenga zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye mikate ya jana. Na ya juzi. Iliyobaki dukani walikuwa wanaikata, wanaitandaza juu ya oveni ikauke siku mbili tatu, halafu inasagwa na kumwagwa kwenye ndoo ya buluu yenye kifuniko. Mikate mipya inavishwa mikate mizee. Nilipoelewa hivyo, nilisimama na sinia mkononi, maji yakinitiririkia viatuni.

Mama yangu, Tanga, alikuwa anauza maandazi barazani kwetu. Hakuogopa mgambo wala mvua. Aliogopa neno moja: mwiku. Chakula kilicholala. Maandazi yakibaki jioni, tuliyala sisi na chai asubuhi, mlango umefungwa, au yalikwenda kwa kuku wa jirani. Kumuuzia mtu andazi la jana, hapana. Kumpa mgeni, hapana kabisa. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alichanganya ya jana na ya leo mara moja tu, na mpaka naondoka watoto walikuwa wanapita mlangoni kwake wanakimbia huku wanapiga kelele, "Mwikuuu!" Sasa hapa, katika nchi yenye mashine ya kupima hata joto la friji, mama mzima na taji la Yesu ukutani anawalisha watu mwiku, tena wanapanga foleni.

"Dada, unaona wanachofanya?" nilimwuliza yule Mrundi.

"Naona. Na mimi ndiyo nasaga."

"Na huoni haya?"

"Haya ya nini? Uko na hasira na mkate sasa? Osha masinia, mama."

Lakini mkate wenyewe ningeuvumilia. Kilichonichoma ni mwanangu.

Kazi yangu iliisha saa kumi na mbili jioni, dagis ya mtoto, yaani chekechea, ilifungwa saa kumi na moja na nusu. Dagis ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka bekari, mtoto hakuwa na mtu mwingine wa kumchukua, na mwenye bekari alijitolea. Nilisaini karatasi mwenyewe, kwa kalamu ya dagis yenye manyoya juu yake: huyu ana ruhusa ya kumchukua. Nikajiona nimepata msaada. Kila siku alivua aproni, akavaa koti lake kubwa kama godoro, akaenda, akarudi ameshika mkono wa binti yangu. Na kila siku, kabla hata hajamvua kofia, alimwuliza kwa Kiswidi chake kibovu, "Umekula?"

Na mtoto, kwa kuwa ni mtoto, akajibu, "Nej."

Mtoto ambaye asubuhi nimemlisha uji, mchana kala dagis, anajibu hapana! Basi yule mama anapiga ulimi, anampandisha kwenye kiti karibu na oveni, anamkatia pandesal ya moto, anamchovyea kwenye maziwa. Mimi niko sinkini, mgongo kwao, nasikia kila kitu. Kwetu, ukimwuliza mtoto wa mwenzio mbele ya mama yake kama amekula, umemwambia mama yake kwamba hamlishi. Huo ndio ujumbe, na unafika.

"Ndivyo wanavyosalimia," dada wa Kirundi aliniambia. "Hata mleta unga anaulizwa. Hata wewe si anakuuliza asubuhi?"

Kweli aliniuliza, kila asubuhi. Na kila asubuhi nilimjibu "Nimekula" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

"Basi wasalimie kama watu," nikasema.

Haikupita miezi miwili, binti yangu akaanza kumwita Lola. Nilidhani ni jina la mdoli wa dagis. Kumbe kwa lugha yao ni bibi. Bibi! Bibi yake yuko Tanga, ana goti bovu, anaongea naye kwenye simu za kadi za kukwangua, dakika nne halafu kadi inakata, na mtoto anamjibu kwa Kiswidi mama yangu anabaki kusema, "Eeh? Eeh?" Halafu mtu wa mikate ya mwiku anapewa ubibi bure.

Nilichotaka mimi kilikuwa kitu kimoja tu, sikuomba kingine: mwanangu ale chakula cha mkono wangu. Lugha yangu alishaikataa. Baba sina wa kumpa. Nilibaki na mkono. Kwa hiyo kila Jumapili nilipika maandazi. Tui la kopo, iliki niliyotwanga mwenyewe, unga nimeukanda mpaka bega likauma, nikausukuma, nikaukata pembetatu, nikakaanga dirisha wazi na baridi inaingia kwa sababu king'ora cha moshi cha lile jengo hakina adabu. Yalivimba kama mito. Nilimwekea kwenye sahani yake ya sungura.

Alinusa. Akasukuma sahani.

"Äckligt," akasema. Neno hilo la kinyaa walimfundisha dagis kabla ya kumfundisha asante.

"Hujaonja."

Akanijibu kwa Kiswidi kwamba yana mafuta, na kwamba anataka mkate wa Lola.

Jumapili ya kwanza nilimbembeleza. Ya pili nilimfokea. Ya tatu nililia chooni na maji ya bomba wazi. Jumapili zilizofuata nilipika kimya tu, kwa ukaidi, nikamwekea, akasukuma, nikala mawili, na yaliyobaki nikayatia kwenye foronya safi niliyoitundika karibu na kipasha joto cha ukutani. Yakawa yanakauka mle kama mawe. Kwa nini sikuyatupa? Sijui. Mkono wangu ulikataa.

Januari hiyo kulikuwa na sikukuu yao ya Mtoto Yesu. Jumapili baada ya misa, Wafilipino wote wa Stockholm walikuwa wanakutana ukumbini, na pandesal yote ilikuwa inatoka kwetu. Kazi ya kuoka ilipangwa Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Alhamisi mwenye bekari alipokea simu, akaja nyuma amekunja uso.

"Kesho asubuhi anakuja mkaguzi wa chakula wa halmashauri," akatuambia. Akanigeukia mimi. "Wewe, osha kila kitu. Kona zote. Sitaki aone uchafu hata kidogo."

Wao wakaondoka kwenda kununua unga na siagi, nikabaki na ufagio. Na hapa naapa mbele ya yeyote anayesoma: siku hiyo, mara moja katika miezi yote ile, nilifanya kazi yake kwa nia njema. Nilifikiri hivi. Mkaguzi akifunua ile ndoo ya buluu akakuta mwiku umesagwa, bekari inafungwa. Bekari ikifungwa, sina kazi. Na mzazi asiye na kazi, mtoto wake dagis anabakishiwa saa kumi na tano tu kwa wiki. Siku zinazobaki tutakaa nyumbani mimi na yeye tunatazamana, na sahani ya sungura katikati. Nilimchukia yule mama, lakini sikutaka afungiwe.

Kwa hiyo nikachukua ndoo ya chenga nikaimwaga yote kwenye mfuko wa taka. Nikapanda kigoda nikakusanya mikate yote iliyokuwa inakauka juu ya oveni, masinia matano, nayo nikaitupa. Mfuko nikaupeleka jalalani nje mwenyewe, nikiteleza kwenye barafu. Ndoo nikaiosha kwa sabuni mara mbili. Nikaikausha. Nikaifunika.

Ijumaa mkaguzi alikuja, kijana mwenye masikio mekundu, akapima friji, akapitisha kidole chini ya meza, akasema hajaona sinki safi kama lile mwaka mzima. Nilivimba. Akapewa ule mkate wa jibini na sukari, akaondoka. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Adhuhuri mwenye bekari akafunua ndoo.

Aliinusa. Harufu ya limau ya sabuni ikampanda puani. Akatazama juu ya oveni, akatazama tupu.

"Chenga zangu ziko wapi?"

"Nimetupa," nikasema. "Ulikuwa uchafu. Ni mwiku ule. Mikate ya zamani. Mkaguzi angekufungia."

"Mkaguzi?" akasema. "Mkaguzi anazijua chenga zangu tangu hujazaliwa wewe!"

Hiyo haikuwa kweli, mkaguzi mwenyewe alikuwa rika langu, lakini haukuwa wakati wa kubishana.

"Duka si lipo pale?" nikamwambia. "Chenga za pakiti zimejaa."

"Hizo ni za kukaangia samaki!"

"Kausha mikate ya leo basi."

"Ya leo imeshanunuliwa. Na mkate wa leo una maji moyoni, ukiusaga unakuwa uji. Unahitaji siku tatu. Siku tatu! Una siku tatu wewe, kwenye mfuko wa aproni?" Akanioneshea mlango kwa kidole chenye unga. "Mikate hii ni ya Mtoto Yesu. Wewe umetupa, wewe utaleta. Kesho saa mbili njoo na mkate mkavu au usije tena."

Dada wa Kirundi akaniambia kwa Kiswahili, bila kuinua macho kwenye unga, "Omba msamaha, mama. Mdomo ufunge, uombe."

Sikuomba. Nilimpitia mtoto dagis mwenyewe, nikamvalisha koti kwa nguvu mpaka zipu ikamkwaruza kidevu, akalia njia nzima akimwita Lola. Barabarani watu wa Jordbro walinitazama nilivyokuwa namburuta. Tazameni, nikasema moyoni. Tazameni vizuri.

Nyumbani nikakaa kwenye kochi na koti langu mwilini. Nikaitazama foronya.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda na mtoto, kwa sababu dagis imefungwa, na foronya begani kama mwizi. Niliitua mezani mbele ya mwenye bekari, ikagonga, ngo. Akafungua. Akatoa andazi moja, akaligonga kwenye ukingo wa meza, akanusa, akaliuma kwa meno ya pembeni.

"Nini hiki humu ndani?"

"Iliki."

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Nani anakula?"

Nikamtazama mtoto, aliyekuwa ameshapanda kwenye kiti chake karibu na oveni. "Hakuna," nikasema.

Akatafuna polepole. "Mafuta mengi," akasema. Basi. Hakusema asante, hakusema pole. Aliyapasua, akayarudisha oveni kwa moto mdogo kwenye karatasi ili yateme mafuta, akampa dada wa Kirundi asage. Chumba kizima kikanuka kwetu. Kikanuka baraza la mama yangu saa kumi na mbili asubuhi. Nikageukia sinki kwa sababu sikutaka wanione usoni, hasa yeye.

Magogo yakabiringishwa kwenye chenga zangu. Tak tak tak. Yakaumuka, yakaingia, yakatoka. Vumbi lake lilikuwa jeusi kidogo kuliko la siku zote. Mwenye bekari akachukua moja ya sinia la kwanza, akampulizia mtoto, akauliza lile swali lake.

"Umekula?"

"Nej," akasema mwanangu, shahidi wa uongo kama kawaida.

Akapewa. Nikageuka. Safari hii niligeuka mzima mzima, maji yanachuruzika viwikoni.

Mtoto alinusa. Akautia ulimi. Akakunja macho. Kisha akaanza kuulamba ule mkate, huku na huku, juu na pembeni, kama paka anavyomlamba mwanawe. Alilamba chenga zote. Akazifuata mpaka zilizoangukia kwenye aproni aliyofungwa shingoni, akazidokoa moja moja kwa kidole kilicholowa. Alipomaliza, mkate ulikuwa uchi, mweupe, una mate. Akamrudishia Lola mkononi.

"Mer," akasema, yaani aongezewe, akaonesha ndoo ya buluu.

"Na mkate?" mwenye bekari akauliza. "Mkate je?"

"Nej tack."

Hapana, asante. Kwa heshima kabisa. Dada wa Kirundi akaanza kucheka, akajifanya anakohoa unga. Yule mama alibaki na mkate wake uchi kiganjani. Alinitazama, nikamtazama. Nilikuwa na maneno kumi. Nilichagua moja.

"Hajala," nikamwambia.

Sikujuta. Mpaka leo sijajuta. Alikuwa na umri wa mama yangu, na macho yalimlowa, labda kwa sababu ya mvuke wa mikate, na mimi nilirudi kwenye masinia yangu nikayasugua kwa raha.

Ukumbini Jumapili, nilisikia baadaye, watu waliuliza mwaka huu ametia nini, akajibu ni siri ya bekari. Siri ya bekari! Jumatatu akanitaka nilete chenga nyingine. Nikamwambia mwiku wangu umekwisha. Akasema basi pika, ukaushe. Nikamwambia mimi sipiki ili nikaushe, mimi napika ili mtu ale. Hakunifukuza. Akarudisha masinia yake ya mikate ya jana juu ya oveni, nami nikaendelea kuosha, tukaendelea kuchukiana vizuri tu kwa miaka miwili zaidi.

Lakini Jumapili ile ile ya sikukuu yao, mimi na binti yangu tulikuwa nyumbani. Nilipika. Tui, iliki, dirisha wazi. Nilikuwa na uhakika safari hii. Nikayaweka kwenye sahani ya sungura yakiwa bado yanatoa mvuke.

Akanusa. Akasukuma sahani.

"Äckligt."

Wallahi nilitaka kuitupa sahani ukutani. Niliinuka, nikaenda kwenye kipasha joto, nikaikung'uta foronya niliyoirudisha kutoka bekari. Chini kabisa, kwenye pembe, lilikuwa limebaki andazi moja lililokauka mpaka limepasuka lenyewe. Nililiweka kwenye ubao wa kukatia nikaliponda kwa chupa ya mafuta, ya nguvu, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Nikakusanya chenga kwenye kiganja changu. Sikutafuta kijiko. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikanyoosha mkono.

"Kula," nikasema, kwa Kiswahili.

Akanitazama. Akainamisha kichwa, akalamba. Ulimi wake ulikuwa wa moto. Alilamba katikati ya kiganja, akalamba kwenye mistari, akalamba mpaka pale palipokuwa na jeraha la kukatwa na sinia. Mama yangu akisikia kwamba nimemlisha mjukuu wake mwiku, tena kwa mkono mtupu, chini, kama mbuzi, hatanisamehe. Nilikaa vile vile, magoti yananiuma, sahani ya maandazi ya moto inapoa mezani juu ya kichwa changu, na sikuuondoa mkono.